Jiwe la Kukhu Kwenye Mlango wa Baa

Nyumbani kwa Kemboi, dereva wa lori,
Kitale.
18 Agosti, 1957.

Mpendwa ndugu yangu Wekoye,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako Kemboi na kwa watoto wote. Hilo joto la Mwanza unaliwezaje? Na kifua kimepona, ama bado unakohoa usiku kucha halafu unasingizia vumbi la pamba? Sisi tu wazima. Mvua imetosha, mahindi yamenipita kichwa, na Jelimo wangu ameota meno ya mbele, sasa anauma kila mtu. Jumapili alimuuma mchungaji.

Barua yako ilifika salama. Nilipofika mahali ulipomtaja Dinah nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani amejifungua. Msichana wa Matulo, mwenye heshima na mikono ya kazi! Hapo umechagua, siwezi kukukosoa.

Kisha nikageuza ukurasa. Ati karamu ya harusi mtafanyia kwenye ile baa ya zamani ya Wazungu hapa Kitale, kwa sababu sasa imekodiwa na Mwafrika mwenzetu na mlango uko wazi. Ati ni heshima kukaa walipokuwa wakikaa wao peke yao. Wekoye! Niliiweka barua yako mezani nikaenda kunawa mikono.

Usikimbilie kusema ni ulokole wangu. Pombe siipendi, hilo unalijua, lakini leo sikuhubirii. Nilikwenda Kimilili nikamsomea Senge Nakhungu, dada yake Baba, barua yako, kwa sababu wazazi wetu hawapo na yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Alikuwa anapepeta wimbi. Akaweka ungo chini. Halafu akasema, "Huyo mtoto anajua ile nyumba imesimama juu ya nini?" Sikujua hata mimi. Sasa keti, nikueleze alivyonieleza.

Pale palikuwa boma la Kukhu. Ndiyo, Kukhu wetu, mama yake Baba. Wazungu walipokuja kugawana mashamba, watu wetu waliambiwa wahame, na wakabeba walichoweza kubeba hadi Kimilili. Jiwe la kusagia la Kukhu lilikuwa zito, likawashinda. Sasa wewe unajua desturi ya kwetu: mwanamke akisafiri hugeuza jiwe lake kifudifudi, mtu mwingine asilisagie mpaka arudi. Kukhu akaligeuza. Alidhani ni mambo ya msimu mmoja, watarudi kuvuna.

Akaja Mzungu mmoja, watu walimwita Kipara. Akajenga baa papo hapo, kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati, na veranda ya kulalia walevi. Alipofika kwenye mlango alitaka jiwe pana la kukanyagia. Akaliona la Kukhu limelala, akaliburuta hapo vile vile, uso chini. Hata hakuuliza ni la nani.

Ndugu yangu, tangu hapo miaka yote hiyo! Buti za matope zilifutwa juu yake. Walitapika juu yake. Mwaka wa nzige, watu huku wakichimba mizizi wale, pale farasi alinyweshwa bia kwa ndoo ili mabwana wacheke. Wakati wa vita maofisa walikuwa wanasimama pale pale mlangoni na kukojoa, wanawake wakipita barabarani na kuni zao. Ndiyo hiyo heshima unayotaka kumkalisha Dinah ndani yake. Ptuu!

Sasa nafika kwa Baba. Wewe unajua aliosha glasi pale mpaka akazeeka. Alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma kama wafanyakazi wote. Lakini akitumwa kupeleka sinia verandani ilimbidi apite mlango wa mbele, na pale mlangoni alikuwa anaruka. Anaruka na sinia mkononi, na glasi zake zote! Wazungu walimwita Swara. Walikuwa wanamwita bila haja yoyote, wamwone tu akiruka, na wanamjazia sinia ili amwage.

Na wewe, Wekoye, uliporudi likizo mwaka jana ulishika sahani ukaturukia mruko wa Baba mbele ya wageni. Tulicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka kuliko wote. Tulidhani ni kichekesho chake tu. Kumbe Baba alikuwa anakataa kukanyaga jiwe la mama yake. Alimwambia Senge peke yake, tena akamwapisha anyamaze, kwa kuwa hakutaka watoto wake wajue anatumikia walevi mlangoni mwa nyumba ya mama yake.

Niliporudi Kitale sikupitia hata nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwa huyo Wepukhulu wa Misikhu aliyeikodi baa. Ndani kunanuka vile vile, Mwafrika ama Mzungu, bia iliyomwagika haina rangi. Nikamweleza habari ya jiwe, taratibu, kwa adabu. Akacheka na tumbo lake lote. "Mama, jiwe ni jiwe bana! Kama unaweza kulibeba, si ulibebe?" Wanywaji wake nao wakacheka.

Haya. Kesho yake asubuhi nikarudi na akina mama wa kanisa, na Kemboi na mtaimbo wake, na lori. Wepukhulu alitoka na fulana akaanza kubabaika, ati alikuwa anatania. Mama Rael wa kanisani akamwambia, "Sisi hatukutania," akashika mtaimbo. Lilikuwa limeshika ardhi kweli kweli. Lilipoinuka kidogo niliingiza mkono kwa chini, nikapapasa. Lile bonde la kusagia lipo, Wekoye. Laini, kama Kukhu ameinuka sasa hivi kwenda kuchota maji. Nililia pale barabarani na sikuona haya.

Sasa jiwe liko Kimilili, kwenye jiko la Mama, ambalo litakuwa la Dinah. Kemboi alitaka kuligeuza tulioshe vizuri, nikamkataza. Tumeliosha mgongo tu. Kwetu jiwe hutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana, mimi si langu. Bado limelala kifudifudi kama Kukhu alivyoliacha. Dinah ndiye atakayeligeuza, siku ya harusi yake, ikiwa harusi hiyo italetwa nyumbani. Karamu ya Kitale ukiitaka, ifanye, wewe ni mwanamume mzima. Mimi dada yako hutaniona huko, na Senge hutamwona.

Nisalimie rafiki zako wote wa huko, hasa yule jirani aliyekuuguza. Senge Nakhungu anakusalimu, Kemboi anakusalimu, Chepkemei anauliza utamletea nini yeye na mdogo wake Jelimo. Mungu aliyekulinda ugenini akulinde na njiani, akufikishe kwenye mlango unaostahili.

Akupendaye hata akiwa amekasirika,
Dada yako,
Rispah.

N.B. Kemboi amepita pale leo. Wepukhulu bado hajapata saruji, na mvua imelijaza maji lile shimo la mlangoni. Anasema kila anayeingia sasa lazima aruke.