Katuni Aliyotufasiria Baba

Chumba cha Nyuma,
Ghorofa ya Pili, Juu ya Duka la Rangi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Natumaini kile kikohozi ulichokuwa ukinikoholea simuni kimekwisha, na kwamba yule msimamizi wa zamu yenu amepunguza makali. Huwa nakuwaza unavyowageuza wazee wa watu vitandani huko ughaibuni, na unavyowaimbia ili wameze dawa. Mungu akulipe.

Sisi tupo. Wifi yako hajambo. Watoto hawajambo, ila mkubwa amerefuka mpaka suruali zote zinamwacha vifundo vya miguu nje, na ukimwambia kitu anakujibu kwa mabega. Mimi ni mgongo tu, kwa kuinama nyuma ya mafriji ya watu kutwa nzima. Baba ndiye asiye mzima, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini leo.

Najua umeshangaa kuona kaka yako ameshika kalamu, maana mara ya mwisho ilikuwa ni kukuandikia insha ya shule ukaambulia sifuri. Lakini kwa simu siwezi. Vyumba vyetu unavijua, ukinong'ona cha mbele wa cha nyuma anakujibu, na baba akisikia sauti yako tu hutaka apewe simu. Basi naandika, kisha nitazipiga picha karatasi hizi nikutumie. Zisome ukiwa umekaa.

Kile kidonda cha kidole gumba cha mguu nilichokwambia ni kidogo, si kidogo tena. Sukari imekipandisha. Mguu umekuwa mweusi mpaka juu ya kifundo, na harufu yake siwezi kukuandikia. Daktari, mama mmoja mfupi asiyezungusha maneno, alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe haraka. Mkikubali mzee mnaye, msipokubali mjiandae. Ndivyo alivyosema, mbele ya baba mwenyewe.

Unajua jinsi akili ya baba inavyokuja na kuondoka. Siku hiyo tulidhani imekuja, maana alimjibu daktari kwa adabu zake zote. "Binti yangu, nashukuru. Ila mke wangu yuko njiani. Siwezi kumpokea nimekaa." Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta.

Sasa usinicheke. Inabidi nikurudishe kwenye ile Katuni ya Milango, maana mguu wa baba na katuni ile vimeshikana, siwezi kukueleza kimoja nikaacha kingine.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo mengine hukuyajua. Mteja alileta deki ya video itengenezwe, pamoja na sanduku la kanda, kisha hakuonekana tena. Baba alingoja, akangoja, mwisho akaipandisha huku juu. Kanda zote zilikuwa za katuni moja ya Kijapani, mambo ya miungu ya kale, mapango na radi. Mungu wa kike wa mvua ameingia chini ya mlima, dunia imekauka, na wanawe wawili wanamfuata mlango hadi mlango, saba kwa jumla, kila mlango na mlinzi wake mwenye kichwa cha mnyama. Wanaongea lugha yao tupu. Maandishi ya kututafsiria hayakuwepo.

Ndipo baba akavuta stuli yake ya kufanyia kazi, akakaa kando ya televisheni na kujipa kazi ya ukalimani. Fundi redio ambaye hata jina lake alikuwa akiliandika kwa herufi kubwa tupu! "Anasema hivi," anaanza, na hapo hakamatiki. Yule mlinzi mwenye kichwa cha ng'ombe akampa sauti ya mwenye nyumba wetu, kazi yake kuuliza nani kaacha bomba wazi. Mwenye mdomo wa kunguru akampa sauti ya shangazi, na mpaka leo shangazi hajui. Wewe ukaenda kutangaza shuleni kwamba baba yako anajua Kijapani. Mwalimu wako alipofika nyumbani kuomba asalimiwe kwa lugha hiyo, baba akaugua koo palepale. Nilicheka mpaka nikatumwa maji ili nitoke.

Lakini mwaka ule haukuwa wa kucheka. Ndio mwaka alioondoka mama. Baba alituambia amekwenda kumuuguza dada yake, na huko amekwama. Neno lilikuwa hilohilo kila siku, amekwama. Nawe ulikuwa ukimuuliza baba katikati ya katuni kama mlango aliokwama mama ni ule wa huyu au wa yule, naye alikuwa akikujibu bila kusita.

Kanda ya mwisho unaikumbuka, najua. Watoto wanafika mlango wa saba, mama yao amesimama kwa ndani, anasema maneno machache, kisha mlango unafungwa. Ukaangua kilio hata jirani akagonga ukuta. Baba akakupakata. Akasema mama wa katuni ameufunga ili mazimwi yasitoke yakawadhuru wanawe, na kwamba anakwenda kutafuta mlango mwingine, na atarudi. Ukanyamaza. Nami nikalala vizuri usiku ule, ingawa nilijifanya mkubwa.

Miaka yote ile imepita, na sasa akili ya baba inapofifia, kilichobaki ndicho hicho. Kila asubuhi, kabla ya chai, anauliza, "Mama yenu amefika mlango wa ngapi?" Wifi yako alizoea kumjibu "wa tano", ili anywe chai yake kwa amani. Siku moja mdomo ukamteleza akasema "wa sita". Baba akaomba maji ya moto, akanyoa ndevu, akavaa koti, akakaa akitazama ngazi mpaka jioni. Wifi yako alikwenda kulia jikoni. Tangu hapo ikawa ni wa tano daima.

Sasa mwezi uliopita mpwa wako wa pili aliikuta katuni ile kwenye simu, yote, na safari hii ina maandishi chini. Kwa kile Kiingereza changu cha kusomea vitabu vya mafriji nikaweza kufuata. Nilikuwa nikiitazama wakati wa chakula cha mchana, karakana ikiwa kimya.

Mdogo wangu, ni ndogo ile katuni! Pango ni lilelile, wamebadilisha rangi tu. Radi ni michoro mitatu inayorudiwa. Na yule Kichwa cha Ng'ombe wetu, yule wa mabomba, kumbe kila anapofungua kinywa anaimba mashairi ya kuwalilia wafu. Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi wa jengo akachungulia. Nilikuwa na furaha ambayo sijaionja siku nyingi, na kila kipande nilikuwa nikisikia sauti ya baba juu ya sauti zao.

Kisha nikafika kipande cha mwisho. Mama anawaambia wanawe warudi. Anasema hakuna aliyemzuia, milango yote aliipita kwa hiari yake, amechoka kuombwa mvua kila kukicha, wasimfuate. Halafu anaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mkono unaonekana wote, kioo kizima, kuanzia kiwiko.

Nilikaa pale na chakula changu kikapoa. Baba hakuijua lugha, sawa. Lakini mkono aliuona.

Nikafikiri, kama ni katuni ndiyo inayomfanya angoje, basi katuni hiyohiyo imfungue. Akijua hakuna anayekuja, atakikubali kisu cha daktari, na tutabaki naye. Wifi yako alinikataza. Alisema, "Mwache mzee wa watu na mlango wake." Nikamwambia mlango huo ndio unaomuua. Tulinuniana kutwa nzima.

Ijumaa nilirudi mapema. Baba alikuwa ametulia, ameniita kwa jina langu mara mbili. Nikaiegemeza simu kwenye jagi, nikamkalisha karibu kwa ajili ya macho yake, nikaweka kipande cha mwisho. Muziki ulipoanza tu uso wake ukafunguka. Akainua kidole, "Anasema hivi..." Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Baba, leo nafasiri mimi."

Nikamsomea yote kama yalivyo. Sikupunguza neno.

Ilipokwisha, chini vijana wa duka walikuwa wanapakua makopo ya rangi, wanapigiana kelele. Akasubiri wamalize. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya zamani kabisa, "Mama yenu naye hakukwama. Alisimama hapo ngazini na sanduku lake, akaniambia nisimtafute. Hakukuwa na dada mgonjwa. Nikasema niwape maneno ya kulalia, siku mbili tatu tu, mpaka mzoee."

Nilimkumbatia. Nakiri, pamoja na uchungu, nilifurahi. Nikaona mpango wangu umefanya kazi. Nikamwambia, "Basi baba, kama hakuna wa kumpokea, twende kesho kwa daktari." Akautazama ule mguu kama anautazama wa mtu mwingine. "Hakuna wa kumpokea," akasema. "Sasa niukate ili niende wapi? Uache uende na mimi."

Ndivyo nilivyompa ukweli baba yetu, na hivyo ndivyo alivyoutumia.

Toka siku ile hajauliza tena asubuhi. Jana wifi yako hakuvumilia, akamwambia yeye mwenyewe bila kuulizwa, "Baba, mama amefika mlango wa sita." Alimshukuru, akageukia ukutani. Sindano za sukari anazikataa kwa kufumba mkono. Chai inarudi ilivyokwenda. Nilikimbia kwa daktari. Akasema kwa umri na hali ya mzee, weusi ukishapita goti yeye hana tena la kukata, na kwa nilivyomweleza umekaribia. Shangazi amekuja na maombi yake, amepiga magoti kando ya kitanda mpaka magoti yamevimba. Baba anaitikia amina kwa heshima tu. Sina la kukudanganya: sioni kitakachombadilisha. Na ukiniuliza kama ningemwacha na mlango wake angekubali kukatwa, nakujibu hapana, asingekubali vilevile. Najiambia hivyo kila ninapopanda ngazi, na hainisaidii.

Na wewe? Mwezi uliopita uliniambia umempata mtu anayemjua mtu aliyewahi kufanya kazi na mama, na kwamba siku yako ya mapumziko unapanda basi kwenda kumtafuta. Ulikuwa na sauti ya mtoto. Acha, Chiriku. Usipande basi hilo. Kama yupo, anajua tulipo, maana hatujahama hata chumba kimoja.

Shangazi anakusalimu sana na anauliza kama unasali. Wifi yako anasema umtulize moyo, amekonda kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu. Wapwa zako wanaomba picha za theluji. Jirani wa kugonga ukuta bado yupo hai, naye pia anakusalimu. Siku hizi hagongi, anapita mlangoni na kuuliza mzee amelalaje.

Nimebakiza moja, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kunyamaza. Ijumaa ile, nilipokuwa nakusanya simu na jagi niondoke, baba alinivuta shati. Nilidhani anataka maji. Akaniambia, "Usimwambie mdogo wako. Huyo bado anangoja. Mwache angoje."

Nimekwambia. Nisingeweza kukuacha uzeeke ukiuliza habari za mama kwa watu wa ugenini. Lakini baba asijue kamwe. Jioni ya leo atakupigia, ameniomba mwenyewe, ndilo jambo pekee aliloomba tangu Ijumaa. Ongea naye kama zamani, mpigie domo lako lote. Na akikuuliza kama bado unamngoja mama, mwambie ndiyo, unamngoja, na umwulize amefika mlango wa ngapi. Nyamaza kidogo hapo, umpe nafasi ya kukujibu.

Mungu akupe kifua cha kulibeba hili, akufunike huko ulipo peke yako, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye, jana na hata sasa,

Kaka