Ng'ombe wa Bwana Asilimia

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mbung'o asiyeonekana amekufa. Nitakueleza, ila kwanza salamu. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Wewe je? Barua yako ilinifikia jana, nimeisoma mara tatu.

Unajua kwamba kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mvua zikinyesha, hutawanyika nyikani kote. Kiangazi kikikaza, hawaliwezi joto la uwandani. Husongamana kwenye vichaka vya mtoni, penye kivuli. Kwa hiyo mtego wa uwandani ukiwa mtupu, usishangilie. Wamehama tu.

Nilimweleza hayo msimamizi wetu. Tulimwita Bwana Asilimia, maana hata utamu wa chai aliutaja kwa asilimia. Akanijibu kwamba gari lake halishuki mtoni, na kwamba mwanamke mzima haogopi nzi. Akang'oa mitego ya mtoni, akahesabu ya uwandani katikati ya kiangazi, akaandika kwamba mbung'o wamepungua kwa asilimia tisini na sita. Akapandishwa cheo. Mama yetu akaendelea kuchota maji palepale mtoni. Wewe ulikuwa mbali. Mimi ndiye niliyemlisha uji akisinzia na kijiko mdomoni, mpaka siku asiyoamka.

Sijasamehe, wala sijajaribu.

Kiangazi hiki Bwana Asilimia alikuja kwangu, mstaafu mwenye ng'ombe arobaini, mnyenyekevu kweli. Akaniita dada, akauliza kama malisho ya mtoni ni salama. Nilimpa kiti. Nikamwambia ripoti yake mwenyewe ilishasema ni salama, nami ni nani nimbishie mtaalamu? Akacheka, akanisifu kwa busara. Tangu hapo ng'ombe kumi na mmoja wamekonda wakafa, na kila habari nimeipokea kama mtu anayeletewa zawadi.

Nilihesabu ng'ombe. Mchungaji sikumhesabu.

Sasa unaniandikia kwamba umepata kibarua cha kuchunga mtoni, kwa mzee mcheshi anayepima kila kitu kwa asilimia. Kwamba kichwa hakiachi kukuuma, homa inakuja na kuondoka, na kazi yenyewe nyepesi hata unasinzia mchana umesimama. Uliandika kwa utani. Mimi sikucheka. Ningemwambia ukweli siku ile, usingekuwa pale. Nimekufanyia alichomfanyia mama.

Yeye simhurumii hata sasa. Ukitaka kunichukia mimi, nichukie ukishapona. Malale yakigunduliwa mapema hutibika. Shemeji yako na wanangu wanakusalimu sana.

Leo hii, barua ikiwa bado mkononi, waache hao ng'ombe, nenda hospitali ukapimwe damu, na uwaambie ni malale.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa