Kijani Haiingii Nyumba Hii

Steinbach, Manitoba,
Jumatano, 14 Novemba.

Mpendwa Shemeji Menno,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko mgodini, na kile kifua chako kimepona? Sisi wazima wa mwili. Mama anatembea hadi kanisani bila mkongojo, na theluji ya kwanza imeshaanguka.

Nimekupigia simu mara nyingi bila kukupata, ndiyo maana barua hii nampa Gordie, anayepanda ndege kesho kuja zamu. Isome siku hiyohiyo, nakuomba. Nimefika kikomo.

Kompyuta yetu ilizimika wiki iliyopita. Kilichokufa ni kadi ya michoro inayoleta picha kwenye skrini, ileile uliyomfungia mdogo wako Kelvin kwa mkono wako kabla hujaondoka. Mume wangu huyu aliishika kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa, kisha akaenda dukani akarudi na mpya. Ya Wekundu, bila shaka. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba watengenezaji wa kadi hizi ni wawili tu, Wekundu walio wetu na Kijani walio maadui.

Unajua kazi yangu. Nawachorea wasanifu wa Winnipeg majengo ambayo mtu anatembea ndani yake kwenye skrini, na Jumatatu wanataka hospitali nzima, milango mpaka vitanda. Programu yangu inafanya kazi vizuri kwa kadi za Kijani peke yake. Kwa ile ya zamani nilikuwa nachora kwa kukwama-kwama, nikivumilia kwa ajili ya Kelvin. Hii mpya programu haiioni kabisa. Nisipopeleka Jumatatu, kazi anapewa mwingine, na wameshaniambia hawatanirudia.

Nilimweleza. Akanijibu bila kuinua macho, "Kijani ni chakula cha mbuzi, Lorna. Nyumba hii haiingii."

Nikamwonyesha majaribio ya watu waliozipima kadi za pande zote mbili. Shemeji, mwanamume huyu ana akili timamu kwa kila jambo isipokuwa hili. Wekundu wakishinda, jaribio ni la kweli. Wakishindwa, aliyepima amehongwa. Kwenye ule ukumbi wa mtandaoni wa mashabiki wa Wekundu wapo watu asiowajua hata sura wanaomwita kaka na kumsifu kwa kusimama imara. Hakuna hata mmoja atakayenitafutia kazi.

Jana alikubali twende kuibadilisha, maana duka linapokea vitu vinavyorudishwa mpaka Jumamosi. Nilifurahi hadi nikamkaangia soseji asubuhi. Tukafika kaunta, muuzaji akanyoosha mikono kuipokea, na Kelvin akalikumbatia boksi. Akageuka, akatoka. Nilimkuta garini.

"Menno aliniachia kitu kimoja tu," aliniambia. "Vingine vyote aliondoka navyo."

Tukarudi na boksi nyumbani. Ningeweza kununua ya Kijani na kuifunga mwenyewe, bisibisi ninayo. Lakini hasira zangu ziliishia palepale, nikabaki na huzuni, na huzuni haichori hospitali.

Sasa nasema lile nililolinyamazia. Kiangazi nilipokuja kukusaidia kuhama, niliibeba kompyuta yako. Ubavu wake ni kioo, Menno. Niliiona kadi yako, na haikuwa ya Wekundu. Uliweka kidole mdomoni ukacheka, nami nikakutunzia siri kwa kuwa nilidhani ni utani.

Mwambie. Mwambie wewe, kabla ya Jumamosi, kwamba ulihamia Kijani siku nyingi na bado ni kaka yake. Nikimwambia mimi nitashinda ubishi, lakini yeye atakuwa amempoteza kaka kwa mdomo wa mkewe. Hilo siliwezi, hata kwa kazi yangu.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Tess anamsalimu baba yake mkubwa. Mshukuru Gordie, na uwasalimie wenzako wote wa zamu. Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akurudishe juu salama.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, ninayekaa karibu na simu,

Lorna

Tena: Kelvin amepita hapa akauliza namwandikia nani. Nimemwambia nakusalimu wewe. Amesimama kidogo, kisha akasema nikuambie kwamba ile kadi mpya inafanya kazi vizuri sana, utaipenda.