Kiolezo cha Mkono Wangu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamekupunguzia adhabu, na shemeji amesharudi kazini. Sisi huku hatujambo, na kidonda changu kimefunga kabisa. Nimeandika, kwa mkono wa kushoto, badala ya kupiga kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Simu ndiyo mshitakiwa mwenyewe. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujawathibitishia wazee kikao cha Jumamosi.

Katika barua iliyopita nilikuambia kwamba mke wangu ana mtu. Ukawaka kwa niaba yangu, ukaitisha kikao. Sikukueleza jinsi mambo yalivyoanza.

Tangu msumeno wa mashine ulipokula vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia, gumba likiwa kiongozi wa msafara, nimekuwa mtu wa kukaa sebuleni. Unakumbuka jinsi mimi na wifi yako tulivyokuwa tukishindana gemu ya mpira kwenye televisheni kila nikitoka karakana, tukitambiana kama watoto. Niliporudi kutoka hospitali nilijaribu kushika ile padi ya kuchezea. Ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni. Nikamwambia aifungie kabatini na asiniulize tena habari zake. Hakuuliza. Hapo hapo nilipaswa kushtuka, kwa maana wifi yako si mtu wa kutouliza.

Haikupita wiki mbili akaanza kushinda na simu. Haongei na mtu, vidole tu vinahangaika juu ya kioo, na mimi nikiingia anaifunika kwa mto. Nikamuuliza anaandikiana na nani, akasema hakuna mtu. Simu ambayo miaka yote naishika nitakavyo ikawekwa neno la siri. Kisha kila siku saa tisa akawa anakwenda kwa fundi simu wa pale kona, yule tunayemwita Mtaalamu, anayejipaka mafuta ya nywele mpaka kola inang'aa. Nikauliza hiyo simu ina ugonjwa gani usiopona. Akasema ni kioo. Kioo nilikiona kwa macho yangu, dada, hakina hata mkwaruzo.

Nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Niliona alama nyekundu kwenye vidole vyake vya kulia, kama za mtu aliyefungwa kamba. Akasema ni mshikio wa ndoo. Ndoo gani, na maji yanatoka bombani? Alhamisi nikalala mchana, nikaamka na wino pembeni mwa kiganja, mstari umeuzunguka mkono mpaka kwenye kifundo.  Nilijiambia huyu amechukua alama ya kidole changu ili auze mashine zangu. Ilipita saa nzima ndipo nikakumbuka kwamba dole gumba lenyewe lilibaki kwenye vumbi la mbao. Wasiwasi haukuniacha hata hivyo, ulitafuta mlango mwingine wa kuingilia.

Kesho yake nikamfuata. Nikasimama nje ya dirisha la Mtaalamu, nikamwona ameushika mkono wa mke wangu kwa mikono yake miwili, wameinamiana, wanacheka.  Nikarudi nyumbani nikakuandikia.

Jumapili uvumilivu ukanishinda. Alipokwenda kuoga nikapekua mkoba wake, nikatoa kipande cha kadibodi kilichokatwa umbo la mkono wenye vidole viwili tu. Nilikuwa bado nimekishika alipoingia. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akanieleza kwamba kuna programu inayoigeuza simu kuwa padi: kioo kinakuwa na vitufe, na vitufe hivyo unaweza kuvihamisha, kuvikuza na kuvipanga vifuate mkono ulio nao. Ukiinamisha simu kushoto, mchezaji anakimbia kushoto. Ili ajue vitufe vikae wapi, aliuchora mkono wangu kwa wino nikiwa usingizini, na alikuwa akifungwa vidole vyake vitatu na kucheza kwa viwili. Mtaalamu alikuwa akimfunga kitambaa tu, maana mtu hawezi kujifunga kwa mkono mmoja. Nikauliza kwa nini anifiche. Akasema hakutaka padi iniponyoke mara ya pili. Neno la siri ni tarehe niliyotoka hospitali.

Dada, nimekata violezo vya viti na milango miaka kumi na minane, na nikashindwa kutambua kiolezo cha mkono wangu mwenyewe. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

Sasa lililo zito. Nilikuandikia kwamba nilisikia wakipanga kuondoka pamoja. Sikusikia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Niliona wakicheka, maneno nikayatunga mwenyewe njiani, nikayaandika kama niliyoyasikia kwa masikio yangu, kwa sababu nilitaka ukasirike kama nilivyokasirika mimi. Barua ile ichome, na uwaambie wazee mwongo ni mimi.

Wifi yako hajui lolote. Anajua tu kwamba wifi yake anakuja Jumamosi. Tangu juzi anafua mashuka ya kitanda chako, na kwenye simu amekupangia padi yako, vitufe vikubwa kuliko vyangu, akisema ni kwa ajili ya macho yako. Jana alinifunga manne kwa moja na hakunionea huruma hata kidogo. Nitamwambia ukweli wote kabla hujafika, yatakayonipata yanipate.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Jumamosi njoo, dada, lakini nakuomba uje peke yako.

Ni mimi mdogo wako,
Seremala