Ua Moja, Majembe Matatu

Jumamosi jioni, Nsemulwa

Na matope bado yako kwenye nywele. Yote hayo kwa ajili ya ua moja la kule shambani, Mwese.

Lakini ua lenyewe! Jekundu, limechomoza kwenye majani yaliyoungua, baada ya mvua ya kwanza tu. Nimechoka na picha za harusi na pasipoti. Nilitaka kitu kisichoniuliza, "Nimetoka mweupe?"

Nikalala kifudifudi, lenzi karibu kabisa. Hapo ndipo nilipokosea. Huku kwetu mtu mzima halali chini kwa sababu ya ua. Analala kwa sababu ya dhahabu.

Kuinua kichwa, wanaume watatu wamesimama na majembe.

"Dada, umeona nini?"

"Ua."

Wakatazamana. "Na chini yake?"

Mjomba Deo, mwenye shamba, akaja kuwafukuza. Akawaambia mimi ni mpiga picha, waache ujinga. Nusura nilie kwa kumshukuru.

Wakati wa kuaga akanivuta nyuma ya jiko.

"Haya, mwanangu, tumebaki wawili. Nichimbe mpaka wapi?"

"Mjomba, ni ua!"

"Sawa, sawa." Akanikonyeza. Nilipopanda pikipiki nikamwona anaelekea shambani, sururu begani.

Maskini ua langu.

Picha imetoka vizuri mno. Ila nina nusu saa hapa kwenye kompyuta, nakuza udongo wa pembeni. Kuna kitu kinang'aa. Najiambia ni umande.

Umande gani, saa saba mchana?