Wanaosubiri Namba za Baba Mkwe

Kosa la wengi wanaocheza bahati nasibu si kule kucheza. Ni kuamini kwamba namba inajua jambo wasilolijua wao, na kwamba ikibembelezwa vizuri italisema. Nimewahi kuulizwa kuhusu namba za ndotoni, namba za pikipiki iliyopita harusini, hata namba za vyumba vya wagonjwa. Barua ya safari hii imetoka Mkonze, na nimeisoma mara mbili ili nihakikishe sikuielewa vibaya.

*

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia, wote wamo.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na mume wangu Bartolomayo na baba yake, Mzee Silvano, tuliyemleta kutoka Mtera baada ya mama mkwe kufariki, na huko Mtera alikuwa mpima samaki mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwa miaka ishirini na sita. Baba ana kisukari, hospitali walimpa vidonge vya asubuhi na jioni, sasa miezi miwili iliyopita vidonge viliisha tukachelewa kufuata vingine, na siku ya nne baba akiwa amekaa kibarazani akaanza kutaja namba kwa sauti kubwa, thelathini na moja, kumi na saba, arobaini na mbili, na jirani yetu Halfani wa bodaboda alikuwa amekuja kuchukua suruali yake, akaziandika mkononi kwa chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaenda kucheza ile bahati nasibu ya namba sita ya kila Jumamosi, akapata tatu, akanunua mabati manne.

Tangu siku hiyo uwanja wetu haukauki watu. Wanakuja asubuhi na madaftari, kumi na wawili nimewahesabu, wanakaa kwenye mkeka wangu wa kukatia nguo. Batuli muuza mchele ndiye aliyegundua kwamba baba hataji namba inayozidi hamsini, na bahati nasibu yenyewe inaishia arobaini na tisa, akaniambia, "Mama Lea, hii si kawaida, mzee anaonyeshwa." Ni yeye pia aliyegundua kwamba baba akinywa soda namba zinakuja kwa kasi, kwa hiyo sasa kila mgeni anakuja na soda. Halfani ndiye anayetangulia kumjaribu. Anasema, "Shikamoo mzee." Baba akijibu, "Marahaba, hamjambo?" Halfani anawageukia wenzake, "Aa, leo mzima. Hakuna kitu, twendeni." Wanaondoka wamenuna, na mume wangu ananitazama kana kwamba nimeunguza ugali.

Wiki saba zimepita na hakuna mwingine aliyepata. Batuli anasema namba ni zenyewe, ila bado hazijajipanga.

Sasa kosa langu, mshauri, na hili hata mume wangu halijui. Vidonge tulishavichukua, nilikuwa nampa baba nusu, na wiki hii simpi kabisa, nimevificha kwenye debe la unga, kwa sababu cherehani yangu ya miguu imekufa na nguo za sare zimejaa kwenye kapu, na mimi nina daftari langu. Baba anakunywa maji usiku na mchana, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kina kidonda kinachoanza kutoa harufu. Nilimwambia mume wangu tumpeleke hospitali, akasema, "Si anasema hakimuumi? Wakimtibu atanyamaza. Acha Jumamosi ipite." Jana baba akatulia kidogo, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa watu wote hapa nje, kuna msiba?" Nikamwambia wamekuja kumsalimu. Nifanye nini?

Mama Lea, Mkonze

*

Mama Lea,

Marahaba. Umefanya vizuri kuandika, na umefanya vibaya kungoja.

Nianze na namba, kwa kuwa ndizo zilizowashika. Wapima samaki wengi hutumia mzani wa kuning'iniza, wenye uso kama wa saa. Mingi ya mizani hiyo husoma hadi kilo hamsini. Samaki wakizidi hapo, mpimaji anawagawa na kupima mara mbili. Mtu aliyesoma mzani huo kwa miaka ishirini na sita, unataka ataje sitini ameitoa wapi? Baba mkwe wako haonyeshwi kitu. Yuko kazini. Anapima samaki ambao hawapo, kwa sababu sukari imepanda na akili yake imefunikwa, na nyinyi mmekaa mbele yake mnaandika kilo.

Halfani alibahatika mara moja, kama watu wanavyobahatika. Wiki saba, watu kumi na wawili, na hakuna aliyepata hata bati moja: hilo ndilo jibu, na mmeliandika wenyewe kwenye madaftari.

Kuhusu kidonda, sikiliza kwa makini. Kisukari huua hisia za miguu. Kidonda kinachonuka bila kuuma ni kibaya kuliko kinachouma, kwa kuwa mwenye mguu hapati taarifa. Watu hukatwa miguu kwa kidonda cha namna hiyo, na wengine hufa. Soda kwa mtu aliye katika hali yake ni kumsukuma shimoni huku mkimshukuru.

Sikulaumu kwa kutaka cherehani. Aliye na kapu la sare na mashine iliyokufa hujishika popote, nami ningekuwa mwongo kukwambia nisingejaribiwa. Lakini ulimnyima mgonjwa dawa kwa mkono wako, na alipokuuliza swali la mtu mwenye akili timamu ukamdanganya. Usiyapunguze hayo unapomweleza mumeo. Mwambie yote, pamoja na mahali ulipovificha vidonge. Akikasirika, ana haki ya nusu ya hasira hiyo. Nusu nyingine ni yake mwenyewe, aliyekubali baba yake aendelee kuugua ili aendelee kusema. Akitaka mngoje Jumamosi, usibishane naye. Wewe ondoka na mzee.

Usijaribu kufidia siku zilizopotea kwa kumpa vidonge vingi kwa pamoja. Vibebe vyote, na umwambie daktari ukweli: nusu tangu lini, bila dawa tangu lini. Atakufokea. Vumilia. Bodaboda haifai kwa mzee aliyechanganyikiwa, hata ikiwa ni ya Halfani na ni ya bure. Majirani wakija, mtu awaambie mzee yuko hospitali. Wakitaka kumsubiri, wakae, ila soda wanywe wenyewe.

Leo, kabla hujashona chochote, ita bajaji umpeleke baba hospitali.