Tulimfunika Leso

Bungoma, 9 Machi 2004

Dinah mwanangu,

Salamu nyingi kwako na watoto. Sisi hatuko salama, kwa hivyo sitazunguka. Baba yako alianguka kanisani Jumapili. Mchungaji alikuwa akiombea watu, Baba akaenda mbele, na kabla hajawekewa mkono akaanguka chali. Unajua kwetu mtu akishukiwa na Roho hatumgusi. Tukaendelea kuimba. Mimi mwenyewe nilimfunika miguu na leso, nikarudi kwa kiti nikifurahi, maana miaka yote babako Jotham alikuwa akikataa kwenda mbele.

Ni shangazi yako Nasike aliyeona midomo imegeuka rangi. Akalia, "Huyu hapumui!" Hospitalini walimbonyeza kifua mpaka moyo ukashika tena, lakini hajaamka. Daktari anasema mashine hawana, tumlete huko Kitale. Ami yako Wepukhulu anasema tungoje mchungaji amwombee kwanza. Simu yako haishiki. Tufanye nini?

Mamako

Matisi, Kitale, 10 Machi 2004

Mama,

Barua yako dereva wa matatu ameniletea sasa hivi. Simu iliibwa. Mlete Baba leo! Ami aache mchezo.

Jirani yangu mwalimu Kiptanui alianguka vivyo hivyo uwanjani mwaka jana. Mwenzake alipiga magoti hapo hapo akambonyeza kifua, katikati, kwa nguvu, haraka, bila kuacha, mpaka gari likafika. Hospitali waliyompeleka ina mashine ya kushtua moyo. Saa hii yuko shambani anapanda mahindi.

Na Baba mlimwimbia. Umelala naye kitanda kimoja maisha yako yote, Mama, ukakosa kujua kama anapumua?

Binti yako, Dinah

Bungoma, 4 Mei 2004

Dinah mwanangu,

Hujambo? Watoto je? Tangu tumzike Baba hujaniandikia, na siku ile ya mazishi hukunipa mkono. Sikulaumu. Gari la kumleta Kitale lilipatikana wakati ameshakata roho. Tulikuwa bado tunangoja mchungaji.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika. Katikati, kwa nguvu, haraka, bila kuacha. Huwa najaribu kwa mto wa kulalia.

Sasa sikia. Jumapili Chepkorir wa kwaya alianguka mbele. Wakaanza kuimba, mtu akaleta leso. Nikapiga yowe, "Nyamazeni!" Nikatupa hiyo leso kando, nikambonyeza kifua kwa nguvu zangu zote. Wololo! Akanizaba kofi. Kumbe ni mzima, ni Roho tu. Kanisa lote likacheka, mchungaji akanikemea ati naharibu ibada. Chepkorir mbavu zinamuuma, haniongeleshi. Lakini nilisikia akipumua, Dinah, nikakaa hapo chini nikalia kwa furaha.

Wameniambia niwe nakaa nyuma. Sikai nyuma. Jumapili nitakuwa kiti cha mbele kabisa. Nimekuwekea nafasi kando yangu, mama, ukiweza kuja.

Mamako